"Nimeurekebisha mchezo mara tano, na kila mara unarefuka. Nianzie wapi?"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninafundisha sekondari hapa Tukuyu na nimeandika tamthilia kwa ajili ya kikundi chetu cha watu wazima. Inahusu familia ya Rungwe inayogombania shamba la parachichi la ekari tatu baada ya baba kufariki. Kaka mkubwa, Lusajo, anataka kuuza. Mdogo wake, Atupele, amerudi kutoka Dar es Salaam kuzuia. Mama yao anajua kwamba marehemu aliliweka shamba rehani, lakini amenyamaza, na siri inatoka onyesho la 9. Kuna maonyesho 11, wahusika 13 na kurasa 64. Tulipousoma mezani ulichukua saa 1 na dakika 50. Wenzangu walisema "mzuri sana ila mrefu kidogo". Nimeurekebisha mara tano, kila mara naanza ukurasa wa kwanza naenda hadi mwisho, na kila mara unaongezeka. Mwongozaji anataka dakika 70. Tutauonyesha mwezi Aprili katika ukumbi wa kanisa hapa kwetu, kisha Iringa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Umetoa namba, na namba hizo zinaonyesha ugonjwa ulipo hata kabla ya kuuona muswada.

Saa 1 na dakika 50 ni muda wa watu waliokaa wakisoma. Hapo hakuna aliyetembea, aliyebeba ndoo, aliyenyamaza kwa uchungu wala aliyesubiri hadhira imalize kucheka. Ongeza angalau moja ya kumi kwa ajili ya hayo. Ongeza na mabadiliko ya jukwaa: maonyesho 11 yana mabadiliko 10, na kwa kikundi kinachohamisha viti na meza chenyewe, kila badiliko hula kama dakika moja na nusu. Hizo ni dakika 15. Kwa hiyo mchezo wako wa leo ukipanda jukwaani utachukua zaidi ya saa 2 na robo. Ili ufike dakika 70 mbele ya watu, usomaji wa mezani unapaswa kuishia dakika 62 hivi. Kwa kasi yenu ya sasa, hizo ni kurasa 36 kati ya 64.

Maana yake ni kwamba karibu nusu inatoka. Kunyoosha sentensi hakutakufikisha huko. Ukifuta maneno matano hapa na sita pale kwa kurasa zote utapata dakika nane, labda kumi, na mchezo utakuwa na majeraha madogo kila mahali huku umbo lake likiwa lile lile. Kinachopaswa kutoka ni matukio.

Na hapo ndipo mtindo wako wa kuanza ukurasa wa kwanza na kushuka ulipokuponza. Anayerekebisha hivyo anakuwa na nguvu kurasa 20 za mwanzo, kisha anachoka. Mwanzo unapigwa msasa mara tano na mwisho mara moja. Tena, ukisoma sentensi moja moja, kila moja inakuomba uifafanue kidogo, nawe unaifafanua. Mhusika aliyesema "shamba haliuzwi" sasa anaeleza kwa nini haliuzwi, rasimu inayofuata anaongeza tangu lini. Hakuna jipya lililotokea, ila ukurasa umejaa.

Gawa kazi kwa mizunguko, kila mzunguko na jambo lake moja. Mzunguko wa kwanza ni wa matukio tu. Wa pili ni wa jukwaa: mahali, watu, vitu, mavazi. Wa tatu ni wa mazungumzo. Maneno na tahajia ni vya mwisho kabisa. Ukikutana na sentensi mbovu katika mzunguko wa kwanza, weka alama pembeni upite, maana huenda imo kwenye onyesho litakaloondoka zima, na utakuwa umepoteza usiku mmoja kuipamba.

Kabla ya yote, hifadhi rasimu ya sasa kama ilivyo. Ipe jina lenye tarehe na usiiguse tena. Mtu anayejua kwamba cha zamani kipo salama hukata kwa ujasiri. Kisha uache mchezo siku 10 bila kuufungua. Katika siku hizo masikio yanasahau sauti uliyokuwa ukiisikia kichwani, na ukirudi unasoma kilichoandikwa badala ya ulichokusudia.

Ukirudi, usifungue muswada. Nunua karatasi moja ya manila, ikate vipande, na kila onyesho lipate kadi yake. Andika kwa kumbukumbu: ni wapi, nani yupo, nani anataka nini kutoka kwa nani, na mwisho wa onyesho nini kimebadilika. Kumbukumbu ina maana hapa. Onyesho ambalo mwandishi mwenyewe hakumbuki limefanya kazi gani, hadhira haitalikumbuka pia.

Sehemu ya nne ya kadi ndiyo mzani. Kubadilika si watu kuzungumza kwa hasira. Kubadilika ni kwamba jambo lililowezekana mwanzoni mwa onyesho haliwezekani tena mwishoni, au kinyume chake. Tuseme katika onyesho la 4 Atupele anakwenda kwa jirani kumlalamikia kaka yake kwa ugomvi tuliouona onyesho la 3. Jirani anampa pole, anamshauri avumilie, Atupele anaondoka. Alikuwa anapinga kuuza, na bado anapinga. Kaka hajajua lolote, jirani hataonekana tena. Hata kama mazungumzo yake ni matamu, kadi hiyo ni tupu. Katika mchezo wa maonyesho 11 usishangae zikianguka kadi tatu au nne. Ziweke pembeni, angalia kama kuna jambo moja la lazima ndani yake, lihamishie kwenye onyesho linalobaki, kisha zitoe zote.

Panga zilizobaki mezani na uulize swali la pili, ambalo kwa mchezo wako naliona kuwa kubwa kuliko yote: hadhira inajua nini, na inajua lini?

Siri ya mama inatoka onyesho la 9. Kwa hiyo maonyesho manane mama yupo jukwaani na hadhira haijui kwamba anaficha kitu. Mwigizaji wake atafanya nini muda wote huo? Atamimina chai, atawatuliza watoto, atalia kidogo. Wewe unaijua siri, kwa hiyo kila ukisoma unaona moto machoni pake. Mtazamaji haoni kitu. Na siri ikitoka, mtampa mshangao wa nusu dakika, kisha mtalazimika kueleza kwa kurasa kadhaa jinsi ilivyokuwa. Nina hakika sehemu ya urefu wako iko hapo.

Jaribu kuihamishia mwisho wa onyesho la 2. Mama yuko peke yake, anatoa bahasha chini ya kitanda au ndani ya debe la unga, anaisoma, anairudisha haraka anaposikia hodi. Tangu hapo hadhira inajua. Sasa Lusajo anapohesabu fedha atakazopata, watu hawamtazami yeye, wanamtazama mama. Atupele anapoapa kwamba shamba la baba halina deni la mtu, ukumbi unashika roho. Maneno yale yale uliyokwisha kuyaandika yanapata uzito bila kuongeza hata moja, na kurasa za maelezo za mwisho zinakosa kazi.

Ukiona lazima siri ikae hadi mwisho, inawezekana, lakini basi panda dalili tatu njiani, kila moja ikiwa na maana nyingine inayoaminika wakati huo. Mama anakataa kwenda mjini siku fulani. Mama anauliza bei ya mche mmoja. Mama anamwambia Lusajo asubiri hadi mwezi upite. Dalili moja husahaulika, na tano huifichua.

Hapa nyumba nayo inaingia. Kama nyumba ya familia imo ndani ya rehani hiyo, kumbuka kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mwenzi mmoja kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Yaani mama hakuijua siri tu. Aliridhia, na huenda dole gumba lake limo kwenye karatasi. Mchezo wako umepata mhusika mkuu mpya bila kumwongeza mtu, na watazamaji wanaojua mambo ya mikopo hawatakuuliza baada ya onyesho marehemu aliwezaje peke yake.

Ukweli wa namna hii ukague wote katika mzunguko huu wa kwanza. Watu wa Rungwe wanalijua parachichi. Ukisema Lusajo alipanda miche ya kubebeshwa mwaka jana na leo ananadi mavuno, utasikia minong'ono, maana miche hiyo huchukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa. Minong'ono ya namna hiyo inakunyang'anya dakika tano zinazofuata, kwa sababu watu wanabishana wao kwa wao badala ya kukusikiliza.

Sasa jukwaa. Tazama mahali pa kila kadi. Nadhani una sebule, shamba, kwa jirani, ofisi ya mnunuzi, kilabuni na makaburini. Kwa ukumbi wa kanisa na mikono yenu wenyewe, leta karibu kila kitu uani kwa mama. Ua wa Rungwe una jiko la nje, mgomba, benchi, njia ya kwenda shambani na mlango wa nyumba, hivyo mtu yeyote ana sababu ya kupita. Onyesho la ofisini linaweza kugeuka: mnunuzi anakuja mwenyewe na futikamba kupima. Mtu mgeni anayevuta futikamba kati ya migomba huku mama anachambua mchicha anasema zaidi ya kurasa tatu za mazungumzo ya bei. Ukibaki na maonyesho sita, matano yakiwa uani, mabadiliko yanakuwa ya saa na siku, si ya viti. Wimbo wa beti mbili au mtu anayepita na taa unatosha, sekunde 20 kila moja. Dakika zile 15 zimekuwa chini ya mbili.

Wahusika 13 ni wengi kwa kikundi cha kusafiri hadi Iringa kwa basi. Kuwapunguza ni rahisi ukiuliza kila mmoja anafanya kazi gani ambayo mwingine haifanyi. Jirani anayeshauri subira na shangazi anayeshauri subira ni mtu mmoja. Mjumbe wa nyumba kumi anayeleta habari na kijana wa bodaboda anayeleta habari ni mtu mmoja, na namchagua wa bodaboda kwa sababu ana haraka na anadai nauli. Mwigizaji mmoja akicheza watu wawili, hesabu muda wake nyuma ya pazia. Kutoka kanga na kitenge hadi vazi jeusi la msiba kunahitaji dakika moja na nusu kamili, na mistari minne ya majibizano haimpi hata sekunde 15. Hapo ama upange upya kuingia kwake, ama vazi la pili liwe koti tu juu ya lile la kwanza.

Kisha mvua. Mwezi Aprili Tukuyu, chini ya paa la bati, si jambo la kubahatisha, na hapa ndipo waandishi wengi wa nyanda zetu hujisahau, kwa kuwa wanaandikia chumbani palipo kimya. Mvua kubwa ikipiga bati, safu ya nne haisikii neno. Huwezi kuizuia, lakini unaweza kuuandaa mchezo. Pitia kadi na uandike mambo manne au matano ambayo mtu akiyakosa hadithi inampotea: shamba limewekwa rehani, mama anajua, mnunuzi ametoa malipo ya awali, tarehe ya mwisho ni ipi. Kila moja ya hayo lionekane kwa macho pia, mbali na kusemwa. Bahasha ya khaki ile ile inayotembea mkononi kwa mkono. Vigingi vilivyopakwa chokaa kuzunguka eneo lililopimwa. Kalenda ukutani inayochanwa. Jambo la kusemwa tu lisemwe mara mbili, na watu tofauti, katika maonyesho tofauti. Hii ndiyo aina pekee ya kurudia ninayoitetea. Umeme pia ukatike kwenye muswada kabla haujakatika ukumbini: onyesho lisitegemee taa kuzimwa ili liishe. Liishe kwa mtu kutoka, mlango kufungwa au kitu kuwekwa chini.

Mzunguko wa tatu ni wa mazungumzo, na kwa Kiswahili unaanza na salamu. Hesabu ni mara ngapi mtu anaingia katika mchezo wako. Ikiwa ni mara 14, na kila anayeingia anapiga hodi, anaamkia, anaulizwa habari na kujibu, umetumia mistari 80 hivi na dakika nne au tano bila hadithi kusogea. Lakini kuzifuta zote ni kosa baya zaidi. Kijana akiingia kwa mama yake bila shikamoo, ukumbi mzima wa Tukuyu utaona huyu hana adabu, hata kama hukukusudia. Dawa ni kuifanya salamu ifanye kazi ya mchezo. Tazama hii, ya kawaida:

LUSAJO: Hodi.
MAMA: Karibu.
LUSAJO: Shikamoo mama.
MAMA: Marahaba mwanangu, hujambo?
LUSAJO: Sijambo. Habari za hapa?
MAMA: Nzuri. Za huko?
LUSAJO: Nzuri. Mama, nimekuja tuzungumze habari ya shamba.

Na hii:

LUSAJO: Shikamoo mama.
(Mama anaendelea kumenya ndizi.)
LUSAJO: Mama, shikamoo.
MAMA: Ile pikipiki nje ya nani?
LUSAJO: Ya mgeni wangu. Amekuja kuliona shamba tu.
MAMA: Marahaba.

Mistari imepungua kidogo tu, lakini tumejua mgeni amefika, tumejua mama amekasirika, na hiyo marahaba iliyochelewa imekuwa hukumu. Salamu nyingine zimalizwe nje kabla onyesho halijafunguka. Anza watu wakiwa tayari wamekaa.

Baada ya salamu, tafuta watu wanaoambiana wanachokijua wote. Alama yake ni "kama unavyojua", "si unakumbuka" na "baba yetu marehemu". Atupele akimwambia kaka yake, "Kama unavyojua, baba alifariki mwaka juzi akatuachia shamba la ekari tatu na wewe ukawa msimamizi", hamwambii kaka, anaiambia hadhira, na mwigizaji hatajua amtazame nani. Habari hiyo hiyo ipitishe ndani ya ugomvi:

ATUPELE: Amepima ekari ngapi?
LUSAJO: Zote tatu.
ATUPELE: Na pale penye kaburi la baba?
LUSAJO: Patazungushiwa uzio.

Tunajua ukubwa wa shamba, tunajua baba amekufa na kazikwa humo, tunajua nani ana mamlaka. Hakuna aliyeelezwa.

Kata mistari miwili ya mwanzo na miwili ya mwisho ya kila onyesho uone kama kuna kinachopotea. Mara nyingi hakipotei, hasa mwishoni, ambako mwandishi anapenda mtu mmoja abaki aeleze kwa sauti kile tulichokiona sasa hivi. Hotuba ndefu zipime kwa pumzi: soma kwa sauti ukiwa umesimama, na kila inapopita mistari minane ya maandishi, uliza mwenzake anafanya nini wakati huo. Kama jibu ni "anasikiliza", mpe neno la kukatiza au ikate hotuba. Methali vilevile. Wazee wetu jukwaani wamebebeshwa methali tatu kila wakifungua mdomo. Mwachie mzee moja katika mchezo mzima, ile ambayo mtu akishaisikia anabadili uamuzi.

Kinyakyusa kitumie bila woga, kinampa mama mwili na mahali. Ila mchezo unakwenda Iringa, na huko watu wanasalimiana kamwene. Kanuni yangu ni kwamba jibu libebe maana. Mama akisema "Ndaga" huku anapokea kikapu kwa mikono miwili, Mhehe ameelewa ni shukrani. Lakini siri, bei au tarehe isikae ndani ya Kinyakyusa peke yake. Wala usirudie sentensi nzima kwa Kiswahili mara tu baada ya kuisema kwa Kinyakyusa, kwani hapo umegeuka mkalimani na muda umeongezeka maradufu.

Sasa ndipo muitane tena kusoma. Usomaji wenu wa kwanza ulikupa "mzuri ila mrefu kidogo", na hilo halikukusaidia kwa sababu ya adabu yetu: mtu hawezi kumwambia mwalimu mbele ya wenzake kwamba alisinzia. Usimlazimishe. Panga usomaji ambao hauhitaji ujasiri wake. Alika watu watano au sita ambao hawajawahi kuusikia, wakae tofauti na wasomaji. Wewe usisome nafasi yoyote, wala maelezo ya jukwaani. Mpe mtu mwingine ayasome, na yawe mafupi. Simu irekodi katikati ya meza. Shika nakala yako na utazame nyuso, si karatasi. Mtu akijisogeza kwenye kiti, akikohoa bila mafua, akigusa simu, weka mstari pembeni mahali hapo hapo. Wakicheka, weka alama nyingine. Mwisho, hesabu: kurasa zenye mistari mitatu au zaidi ndizo zinazochosha, haijalishi watasema nini.

Usiwaulize "mmeuonaje". Mwombe mmoja aisimulie hadithi tangu mwanzo kama anavyomsimulia mtu ambaye hakuwepo, na wengine wamsahihishe. Pale anaporuka, onyesho lako halikuingia. Pale anapokosea, habari ilichelewa au haikuonekana. Kisha uliza, "Mama alipoficha bahasha, mlidhani nini kitatokea?" Usijibu, usifafanue, usitetee. Ukianza kusema "hapo nilikusudia", umemaliza usomaji, kwa sababu kuanzia hapo watakuonea huruma. Andika tu.

Baada ya kukata kwingi hubaki yatima: mistari inayotaja watu na vitu ambavyo havipo tena. Jirani ameondoka lakini ukurasa wa 30 mtu anasema "hata jirani alinionya". Kwenye kompyuta tafuta jina la kila aliyeondolewa, kila mahali palipofutwa, na kila kitu kilichohamishwa. Fanya hivyo pia kwa siku na saa, maana ukiunganisha maonyesho mawili, "jana" inaweza kuwa "asubuhi hii".

Utapokea pia maagizo ya watu. Mwongozaji, waigizaji, mlezi wa kikundi, na pengine mfadhili anayetaka ujumbe usikike. Chukulia kila agizo kama dalili ya maumivu, na dawa uitafute mwenyewe. Mwongozaji akisema "ongeza onyesho Atupele aeleze kwa nini amerudi", maumivu ni ya kweli, haeleweki kwa nini amerudi, lakini dawa inaweza kuwa begi moja tu kubwa mno kwa mtu aliyesema anakaa wiki moja. Anayetaka hotuba ya mwenyekiti wa kijiji mwishoni kuhusu madhara ya kuweka ardhi rehani, msikilize kwa heshima, kisha mwonyeshe kwamba onyo hilo limo mdomoni mwa mama onyesho la 5, mahali ambapo linamgharimu kulisema. Hotuba ya mwisho husemwa wakati watu wanatafuta viatu vyao.

Kukata kwa ombi la mwongozaji hakukushushii hadhi. Mwandishi Oscar Wilde alipunguza mchezo wake wa 1895, The Importance of Being Earnest, kutoka matendo manne hadi matatu kwa ombi la George Alexander, meneja wa ukumbi uliouonyesha ambaye pia alicheza ndani yake, na ni umbo hilo la matendo matatu linalochezwa zaidi hadi leo. Mkishindwa kukubaliana kabisa, cheza la mwongozaji na uhifadhi lako. Mwandishi wa Marekani Tennessee Williams aliandika upya tendo la tatu la mchezo wake wa 1955, Cat on a Hot Tin Roof, kwa ajili ya mwongozaji Elia Kazan, kisha kitabuni akayachapa yote mawili. Nasi tuna mfano wa nyumbani: Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka 1963, akairudia na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Rais mwenye nchi mikononi alipata muda wa kurudia mistari aliyokwisha kuichapa.

Kwa ratiba yako, mazoezi ya kusimama yasianze kabla usomaji haujashuka hadi dakika 65. Zikibaki tatu, mazoezi yenyewe yatakuonyesha pa kuzitoa: ni pale mwigizaji anaposahau mstari ule ule kila siku. Mara nyingi mstari huo hauna sababu ya kufuata ule uliotangulia, na kumbukumbu yake inakataa kwa haki. Mabadiliko yote yatoke kwenye karatasi, ukurasa mzima mpya wenye tarehe, na ule wa zamani urudishwe mkononi mwako. Badiliko la mdomo hufika kwa watu sita na kumkosa wa saba, naye ndiye anayempa mama bahasha. Siku saba kabla ya onyesho, funga muswada. Kuanzia hapo rekebisha tu neno linalomkwama mwigizaji ulimini, na umuulize yeye kwanza angelisemaje.